Fimbo, Kibao na Mkono: Lugha ya Alama katika Reli za Tawi za Uingereza

Katika Uingereza ya karne ya 19, njia kuu za reli zilijengwa mara nyingi kwa jozi: moja ya kwenda, nyingine ya kurudi. Reli za tawi, zilizoelekea miji midogo na vijiji, hazikugharimiwa hivyo. Treni za pande zote mbili zilipita juu ya njia moja, nazo ziliweza kupishana katika vituo maalumu tu. Swali likawa hili: dereva aondokaye kituoni atajuaje kwa yakini kwamba hakuna mwenziwe ajaye mbele yake?

Jibu la kwanza ni mkono wa ishara, uliosimikwa juu ya mlingoti. Charles Hutton Gregory aliutumia katika reli huko New Cross, London, mwaka 1841. Mkono ukilala sawasawa, dereva husimama. Usiku, taa nyekundu ilisema vivyo hivyo. Mtumishi aliuendesha kwa wenzo na waya mrefu. Baadaye uliwekewa uzani, ili waya ukikatika mkono urejee wenyewe katika hali ya kuzuia. Hivyo hata kuharibika kwa mtambo kulifanywa kuwe katazo. Lakini mkono ulitamka tu nia ya yule aliyeuvuta; haukuwa na habari za kituo cha pili.

Jibu la pili ni fimbo. Kila kipande cha njia kilikuwa na fimbo moja, iliyoandikwa majina ya vituo viwili vya mwisho wake, na dereva asiyekuwa nayo hakuruhusiwa kuingia. Kwa kuwa fimbo ni moja, treni mbili hazingeweza kukutana. Taabu ilizuka pale treni mbili zilipofuatana upande mmoja: ya kwanza ikienda na fimbo, ya pili ingezuiliwa. Kwa hiyo dereva wa kwanza alionyeshwa fimbo na kupewa tiketi ya maandishi, na wa mwisho akaichukua fimbo yenyewe. Hata hivyo, ratiba ikivurugika, fimbo ilibaki upande usiotakiwa, na hapo ilipasa mtu aifuate.

Penginepo iliaminiwa simu ya waya badala ya fimbo. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, huko Thorpe karibu na Norwich, ujumbe wa kuiruhusu treni ya barua itoke Brundall ulipelekwa bila kutiwa sahihi, hali treni ya haraka kutoka London iliruhusiwa kuondoka Norwich. Ilipotakiwa ujumbe ufutwe, treni ya barua ilikwisha ondoka. Treni ziligongana uso kwa uso, na watu wapatao 25 wakafa. Neno lililokwisha tumwa halikuweza kurudishwa.

Mwaka 1878 Edward Tyer alisajili mtambo uliounganisha simu na fimbo. Kila kituo kilikuwa na sanduku lenye vibao vya duara vya chuma, na masanduku mawili yalifungamanishwa kwa umeme. Kibao kimoja kikitolewa upande wowote, vingine vyote vilifungwa mpaka hicho kirejeshwe. Sasa treni ziliweza kufuatana bila mtu kuifuata fimbo.

Ilidhaniwa kwamba ajali ya uso kwa uso haiwezekani tena. Lakini tarehe 26 Januari 1921, katika kituo cha Abermule nchini Wales, dereva wa treni ya kawaida iliyotoka Montgomery alitoa kibao cha kipande alichokwisha kukipita. Kibao kilipita mikononi mwa watumishi, kikarudishwa kwa dereva kana kwamba ni cha kipande cha mbele, cha kuelekea Newtown. Jina liliandikwa juu yake, hakuna aliyelisoma. Treni ikaondoka, ikakutana na treni ya haraka, na watu 17 wakafa.

Mtambo wa Tyer haukukosea: kibao cha kipande kile cha mbele kilikuwa mahali pake halali, katika treni ya haraka. Kilichokosekana ni msomaji. Alama hulinda uhai kwa masharti mawili: itolewe kwa haki, na isomwe na aipokeaye. Sharti la kwanza laweza kukabidhiwa umeme; la pili, katika reli zile, lilibaki juu ya macho ya binadamu.