Octavia Butler alijifunza vipi kuandika bunilizi za kisayansi?

Mwaka 1995, Mmarekani Octavia Butler alikuwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi za kisayansi kupewa tuzo ya MacArthur, moja ya tuzo kubwa kwa watu wenye vipaji nchini Marekani. Kabla ya kufika hapo alikaa miaka mingi akituma hadithi kwa wahariri na kurudishiwa. Katika makala hii tunaeleza alivyosoma, alivyotuma kazi zake, na yapi kati ya hayo yanamfaa anayeanza kuandika leo.

Alianza kwa kusoma

Butler alizaliwa Juni 1947 katika mji wa Pasadena, jimbo la California. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mama yake alifanya kazi za ndani. Vitabu vilivyotupwa na waajiri, mama alivibeba na kumpelekea bintiye. Baadaye msichana huyo akawa mteja wa maktaba ya mji na msomaji wa majarida ya bunilizi za kisayansi, yakiwemo Amazing na Galaxy.

Alipokuwa na miaka 12 alitazama kwenye televisheni filamu ya mwaka 1954 iitwayo Devil Girl from Mars. Aliiona mbovu kiasi cha kuamini kwamba hata yeye angeweza kutunga hadithi bora kuliko ile, akaanza kuandika bunilizi za kisayansi. Hadithi dhaifu nayo ina faida kwa anayejifunza: inamlazimisha kujiuliza ni wapi hasa ilipoharibika.

Butler aligundua pia kilichokosekana. Katika hadithi alizosoma, watu weusi walikuwa nadra sana, na jamaa yake mmoja alimwambia kwamba mtu mweusi hawezi kuwa mwandishi. Pengo hilo ndilo alilokuja kulijaza kwa vitabu vyake, kikiwemo Kindred cha mwaka 1979, kinachomrudisha mwanamke mweusi wa karne ya 20 katika zama za utumwa.

Badiliko moja, matokeo mengi

Mfano mzuri wa namna hadithi hizi zinavyojengwa ni hadithi yake fupi Speech Sounds, iliyochapishwa mwaka 1983 na kushinda tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Wazo lilimjia baada ya kushuhudia watu wakipigana ndani ya basi. Katika hadithi hiyo, ugonjwa umewanyang'anya watu uwezo wa kuzungumza, kusoma au kuandika. Hilo ndilo badiliko pekee. Mengine yote yanafuata: ugomvi unazuka kwa sababu ya ishara iliyoeleweka vibaya, dola inaporomoka, na anayeweza bado kusema analazimika kuficha uwezo wake asije akaonewa wivu.

Anayesoma ili ajifunze kuandika anaweza kuichambua hadithi yoyote kwa maswali matatu. Ni kitu gani kimebadilika katika dunia hii? Nani anaumia kwa badiliko hilo? Mwandishi ametuonyesha lini kwa mara ya kwanza? Hadithi nyingi zinazokataliwa zina wazo la kuvutia lakini hazina mtu anayeumia.

Safari ya kutuma

Hadithi ya kwanza ambayo Butler aliituma jaridani alipigiwa chapa na mwalimu wake wa sayansi, yeye akiwa na miaka 13. Ilikataliwa. Baadaye, mtu aliyejiita wakala wa waandishi alidai ada ya kusoma kazi yake. Mama yake alilipa zaidi ya dola 60, fedha iliyozidi kodi ya nyumba ya mwezi mzima, na hawakupata chochote. Malipo yake ya kwanza ya uandishi yalikuwa dola 15, zawadi ya shindano la hadithi fupi chuoni.

Mwaka 1970 alihudhuria warsha ya Clarion, ya wiki sita, ambako waandishi wanaochipukia husomeana na kukosoana. Akauza hadithi mbili. Moja ilichapishwa mwaka 1971. Ya pili haikutoka hadi mwaka 2014, miaka minane baada ya kifo chake. Baada ya mauzo hayo ilifuata miaka mitano bila kuuza kitu. Aliosha vyombo, akauza bidhaa kwa simu, akakagua viazi vya kukaanga kiwandani, na kuamka saa nane usiku kuandika kabla ya kwenda kazini. Riwaya yake ya kwanza, Patternmaster, ilitoka mwaka 1976.

Kabla hujatuma

Kwanza, soma walau matoleo mawili au matatu ya jarida unalolilenga. Hadithi nzuri inaweza kurudishwa kwa sababu tu hailifai jarida hilo.

Pili, fuata masharti yake neno kwa neno: idadi ya maneno, mpangilio wa mswada, na kama unaruhusiwa kutuma hadithi hiyo kwingine kwa wakati mmoja. Mengi hayaruhusu.

Tatu, jihadhari na anayekudai ada ili asome kazi yako au akutafutie mchapishaji. Majarida makubwa ya bunilizi za kisayansi hayatozi ada. Yanamlipa mwandishi kwa kila neno.

Nne, andika mwenyewe. Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani lilisimamisha kwa muda kupokea hadithi baada ya kufurika kazi zilizotungwa na programu za akili mnemba.

Wanaoandika kwa Kiswahili

Kiswahili nacho kina kazi za kusoma. Riwaya ya Walenisi (1995) ya Mkenya Katama Mkangi inampeleka mhusika wake kwenye sayari nyingine kwa chombo cha angani, na kutoka huko tunaitazama upya jamii yetu. Kwa upande wa kutuma, Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili zenye maneno kati ya 2,000 na 5,000, bila ada, kutoka kwa raia wa nchi wanachama, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Hadithi iwe haijawahi kuchapishwa.

Jibu likiwa hapana, mhariri kwa kawaida haelezi sababu. Isome hadithi yako upya, rekebisha unachokiona, kisha itafutie jarida jingine. Wakati unasubiri, anza nyingine.