UZI: Barabara kuu ikikatiza mji mdogo, njia ya miguu ni ya nani?

1/ Kila msimu wa siasa barabara huzinduliwa. Utepe unakatwa, kilomita zinatajwa, mabilioni yanatajwa. Kitu kimoja hukisikii kwenye hotuba: zile sentimita 15 kati ya lami na njia ya miguu. Kwa mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, sentimita 15 ni ukuta. Huu uzi ni historia ya ukuta huo: nani alianza kuuvunja, wapi, na kwa nini ilichukua miaka mingi hivyo. Hatutaji chama wala mwanasiasa. Tulia usome.

2/ Tuelewane kwanza. Rampu ni ule mteremko mdogo unaokatwa kwenye ukingo wa njia ya miguu ili gurudumu lishuke na kupanda bila kuinuliwa. Si kumwaga saruji tu. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: ukipanda sentimita 1, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Kwa hiyo ukingo wa sentimita 15 unataka karibu mita 1.8. Ukifupisha, kiti kinabingirika kinyumenyume.

3/ Kwa nini tuongee miji midogo? Kwa sababu miji yetu mingi imejipanga kando ya barabara kuu. Angalia Emali, Mtito Andei, Salgaa, Timboroa. Maduka, steji, chemisti, vibanda, vyote vinaangalia lami moja. Barabara ni ya serikali ya kitaifa, mji uko chini ya kaunti. Ukiuliza njia ya miguu, huyu anakuonyesha yule, na yule anakurudisha kwa huyu.

4/ Marekani walikuwa na mkwamo huohuo. Kule, katika miji mingi midogo, barabara kuu ya jimbo ndiyo hiyohiyo barabara ya maduka. Tofauti ni kwamba wao walipelekana kortini, na hukumu zipo. Ndiyo maana tunaanzia huko kabla ya kurudi nyumbani.

5/ Mwaka 1945, mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Vita vimeisha, vijana wanarudi bila miguu. Jack Fisher, wakili na mwanajeshi wa zamani mwenye ulemavu, anaiomba serikali ya mji ikate rampu kwenye kona za katikati ya mji. Wanakubali kujaribu. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya ajira: mtu akishindwa kuvuka barabara, hafiki kazini. Na waliokuwa wakiombewa walikuwa watu ambao taifa lilijiona lina deni lao.

6/ Lakini mji mmoja ukifanya kwa hiari, mji jirani haulazimiki. Miaka ikapita, karibu ishirini, na sehemu kubwa ya nchi ukingo ulibaki palepale.

7/ 1962, Berkeley, California. Ed Roberts, kijana aliyepooza kwa polio na aliyehitaji mashine ili apumue usiku, anaingia chuo kikuu. Analazwa kwenye hospitali ya chuo kwa sababu mabweni hayangeweza kubeba mashine yake. Wengine wenye ulemavu wakamfuata, wakawa kundi. Kufikia mapema miaka ya 1970, baraza la jiji lilikuwa limekubali rampu ziwe sera, na wenye viti wenyewe wakashiriki kupanga zikatwe wapi. 1972 wakaanzisha kituo chao cha kuishi kwa kujitegemea.

8/ Hapo kukazuka tatizo ambalo watu husahau. Asiyeona hutumia ule ukingo kujua njia ya miguu imeishia wapi. Ukiuondoa, fimbo yake inateleza hadi katikati ya magari bila kuhisi kitu. Jibu lilikuwa tayari Japani: Seiichi Miyake alibuni vigae vyenye vinundu vinavyohisika kwa mguu na fimbo, vikawekwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967. Zile tailsi za manjano zenye vinundu unazoona kwenye vivuko, asili yake ni hiyo. Ukimuuliza mwenye kiti peke yake, unaweza kumharibia asiyeona. Waulize wote.

9/ Sasa sheria. Mwaka 1973 Marekani ilipitisha kifungu cha 504: anayepokea pesa za serikali kuu asimbague mtu kwa ulemavu. Safi kwenye karatasi. Lakini kanuni za utekelezaji zilikaa miaka karibu 4 bila saini. Aprili 1977, watu zaidi ya 100, wengi wao wenye ulemavu, wakaingia jengo la serikali San Francisco wakakataa kutoka. Walikaa humo zaidi ya wiki tatu. Tarehe 28 Aprili kanuni zikatiwa saini. Sheria bila kanuni haijengi kitu, na wimbo huo Wakenya tunaujua hadi kiitikio.

10/ Machi 1990, watu kadhaa waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za bunge, Washington, wakapanda kwa kutambaa. Julai 26 mwaka huohuo, sheria kubwa ya haki za Wamarekani wenye ulemavu ikatiwa saini. Watu hukumbuka picha ya ngazi. Kilichobadilisha barabara ni kanuni zilizofuata, ambazo hazikuwa na picha yoyote.

11/ Kanuni zilisema hivi: serikali yoyote, hata ya mji, yenye wafanyakazi 50 au zaidi na yenye mamlaka juu ya barabara iandike mpango, ikionyesha rampu zitajengwa wapi na lini. Mwisho wa kujenga: Januari 26, 1995. Mji wenye wafanyakazi chini ya 50 haukulazimika kuandika mpango, ila wajibu wa kutobagua ulibaki. Hapo miji midogo mingi ikapumzika. Hakuna karatasi, hakuna haraka.

12/ 1995 ikafika, ikapita, na kona nyingi zikabaki na kuta. Lakini kitu kikubwa kilikuwa kimeshatokea Philadelphia. Jiji lilikuwa likiweka lami mpya bila rampu, likidai hayo ni matengenezo tu, si ujenzi. Mwaka 1993, katika kesi ya Kinney dhidi ya Yerusalim, mahakama ya rufaa ikasema hapana. Ukitandika lami upya, umeibadilisha barabara. Na ukibadilisha barabara, kona zake lazima ziwe na rampu.

13/ Soma tena hiyo hukumu, maana hapo ndipo mchezo uligeuka. Rampu haikuwa tena mradi wa huruma unaosubiri bajeti yake. Ilifungwa kwenye pesa ambazo tayari zinatoka: pesa za lami. Lami ni kitu ambacho hakuna mwanasiasa anayeacha kukiweka.

14/ Basi ujanja haukuisha. Mjadala ukawa: lami ya kiasi gani ndiyo “kubadilisha”? Mwaka 2013 serikali kuu ilitoa ufafanuzi: kuziba nyufa au kupaka tabaka jembamba la kulinda barabara ni matengenezo, kutandika lami mpya ni mabadiliko. Mhandisi aliyetaka kukwepa alijua achague tabaka lipi. Kila sheria ina mlango wa nyuma, na kuna watu kazi yao ni kuujua.

15/ Vipi kuhusu njia ya miguu yenyewe: mashimo, nguzo ya umeme katikati, kibao cha duka? Jiji la Sacramento lilidai njia ya miguu si huduma, kwa hiyo sheria haiigusi. 2002 mahakama ya rufaa ikakataa. Jiji likakubali kutenga hadi asilimia 20 ya pesa zake za usafiri kwa miaka 30 kurekebisha njia hizo. Miaka thelathini! Hilo ndilo deni la kuahirisha.

16/ Halafu zikafuata barabara kuu zenyewe. California, katika makubaliano ya kesi yaliyoidhinishwa mwaka 2010, ilikubali kutumia dola bilioni 1.1 kwa miaka 30. Oregon ikafuata 2017: idara yake ya barabara ilikubali kurekebisha karibu rampu 26,000 kwenye barabara kuu za jimbo ndani ya miaka 15. Asilimia 30 hadi mwisho wa 2022, 75 hadi 2027, zote hadi 2032.

17/ Kwa mji mdogo, makubaliano ya Oregon yalijibu swali la kichwa cha uzi huu: mwenye barabara kuu ndiye mwenye rampu za kona zake, hata ikipita kwenye mji wa watu mia tano. Mji haukuachiwa bili. Na kabla ya kujenga walifanya kitu cha kuchosha lakini cha lazima: walizunguka wakipima rampu moja moja, wakaandika orodha. Bila orodha, asilimia 30 ni 30 ya nini?

18/ Na si rahisi. Kona moja ya zamani inaweza kudai kuhamisha nguzo, kubadilisha mtaro, kusogeza taa, hata kununua kipande cha ardhi cha mwenye duka. Ndiyo maana kurekebisha baadaye ni ghali kuliko kumwaga rampu siku ileile ukingo unapojengwa. Anayesema “tutaongeza baadaye” anamwachia bili mlipa ushuru wa kesho.

19/ Sasa turudi nyumbani. Hatukosi sheria. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 ilitaja haki ya mazingira yasiyo na vizuizi, na barabara zikatajwa humo kwa jina. 2008 tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. 2025 tukapata sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Anayekwambia “tunahitaji sheria” hajasoma zilizopo.

20/ Tatizo letu liko kwenye mpaka. Jedwali la nne la Katiba linaipa serikali ya kitaifa barabara kuu na viwango vya ujenzi wa barabara nyingine. Kaunti zinapewa barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Sheria ya 2007 nayo ilileta mamlaka tatu: KeNHA, KURA na KeRRA. Mpaka huo kwenye karatasi uko sawa. Ukisimama kwenye steji ya mji mdogo, unapita katikati ya miguu yako: lami ya huyu, taa ya yule, na bodaboda zimeegeshwa juu ya kabro bila wa kuziondoa.

21/ Na pesa? Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Mwenye kiti cha magurudumu hana gari, lakini analipa ndani ya nauli ya matatu na ndani ya bei ya unga. Magavana na wabunge wamevutana sana kuhusu nani azishike pesa hizo. Katika mvutano huo, hesabu ya kona zisizo na rampu haijawa hoja.

22/ Utasikia pia: “Tuzibe mashimo kwanza, rampu ni anasa ya wazungu.” Hoja ya mashimo si ya kipuuzi, bajeti ni finyu kweli. Lakini tazama tena 12 na 13. Mahakama haikumwambia Philadelphia aache lami ajenge rampu. Ilimwambia: siku unayoweka lami, maliza kazi. Na wanaotumia rampu si wachache. Hesabu mama mwenye mtoto, mzee mwenye fimbo, kijana wa mkokoteni wa maji, aliyevunjika mguu juzi. Sote tunazeeka, kama Mungu akipenda.

23/ Kwa hiyo mgombea akija mjini kwenu na ahadi ya lami, usibishane naye kuhusu kilomita. Muulize haya manne:
• Rampu na vigae vya wasioona vimo ndani ya zabuni ya lami, au ni “awamu ya pili”?
• Iko wapi orodha ya kona za mji huu, na nani alizipima?
• Tarehe ya mwisho ni ipi, na sehemu gani iwe imeisha kabla ya kipindi chako kuisha?
• Kaunti na mamlaka ya barabara zimeandikiana nini kuhusu njia ya miguu?

24/ Akijibu “tutaangalia hilo”, umepata jibu. Kalamazoo waliomba wakapewa kona chache. Philadelphia walishtaki wakapata kila kona ya kila barabara iliyotandikwa lami upya. Andika mji wako hapa chini, na jina la barabara inayoukatiza. Orodha lazima ianze mahali.