Vikundi vya Ngoma na Swali la Mtandao Usio na Bwana

Vijana wengi vyuoni hudhani kwamba swali la mawasiliano ya faragha lilizaliwa pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Swali hili ni la kisiasa, nalo ni kongwe: je, wanyonge wanaweza kujipanga na kupashana habari bila kumtegemea yule anayemiliki chombo cha kupitishia habari hizo? Mwaka 1955 kina mama wa Dar es Salaam walilijibu kwa vitendo, na hapana budi tulichambue jibu lao kwa makini.

Tutazame kwanza hali ya wakati ule. Posta, simu, redio na gazeti la Mambo Leo vilikuwa mikononi mwa serikali ya kikoloni. Tangu 1953 watumishi wa serikali walikwisha katazwa kujiunga na vyama vya siasa, kwa hiyo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, wengi wa wale waliojua kuandika barua na kuendesha ofisi walikuwa wamefungwa mikono. Magazeti ya wananchi nayo hayakusalimika. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa kwa makala ya Sauti ya TANU akatozwa faini, na wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, wakatiwa gerezani. Gazeti lina mhariri, na mhariri ana mlango unaojulikana na polisi.

Bibi Titi Mohamed hakuanza na gazeti. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza kina mama katika Chama aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, na pia wapika pombe. Kufikia Oktoba 1955 alikuwa ameandikisha kina mama wapatao 5,000. Wengi wao hawakujua kusoma, na kwa kuwa ni wachache mno walioajiriwa na serikali, lile katazo la 1953 halikuwagusa.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa katika muundo. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, sare zake na michango yake ya arusi na misiba. Wanachama walijuana kwa sura na sauti. Habari ilitoka kwa kiongozi mmoja hadi kwa mwingine, kisha ikashuka kwa wanachama wake, bila kupita mezani kwa karani yeyote. Mwenye kutaka kuizuia angelazimika kuvizuia vikundi vyote, mtaa kwa mtaa. Tusitie chumvi lakini: kadi zilitolewa na Chama chenye ofisi, na kiongozi wa kikundi akigeuka angeweza kuwasaliti wenzake. Madhara yake tu ndiyo yangekuwa na mpaka, kwa sababu aliwajua wa kwake.

Sasa tuje kwenye zama zetu. Mkazi wa Temeke akimwandikia jirani yake wa nyumba ya pili, ujumbe huweza kuvuka bahari hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni ya kigeni, ndipo urudi mtaani. Mafundi wamebuni njia ya kuufunga ujumbe kwa fumbo ambalo ufunguo wake uko katika simu za wahusika wawili peke yao. Ni hatua kubwa. Hata hivyo mwenye seva anaweza bado kujua nani anamwandikia nani, saa ngapi na mara ngapi, kama vile tarishi wa mkoloni alivyosoma bahasha bila kuifungua. Ubepari wa leo hunenepa kwa bahasha hizo.

Katika kulitazama jambo hili tujikosoe pia, kama Mwongozo wa 1971 ulivyotuzoeza. Baada ya Uhuru jumuiya za kina mama ziliunganishwa katika UWT, mwaka 1962, na katikati ya miaka hiyo ya 1960 tukaeneza mashina ya nyumba kumi kumi. Shina lilikusudiwa kupandisha mawazo ya wananchi hadi juu. Lakini balozi alikuwa pia jicho la kumtazama mgeni aliyeingia mtaani, na mtu anayejua kwamba anatazamwa huchagua maneno. Mwaka 2019 tulianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika nchi nzima, na mama muuza samaki wa Mbagala aliyetegemea simu kupata bei za feri hakuwa na njia ya pili. Kada asiyetaka kulijadili hilo hawezi kuwaeleza vijana kwa nini kitovu kimoja ni hatari, awe anakimiliki beberu au tunakimiliki sisi.

Njia ya pili inawezekana. Simu mbili zilizo karibu huweza kupashana ujumbe kwa Bluetooth bila mnara wala seva, na ujumbe ukaruka simu hadi simu. Tandale na Manzese, nyumba zilikobanana, huenda pakafaa kuliko Oysterbay yenye bustani pana. Ni njia ya polepole, nayo hula betri. Kigumu zaidi ni kuwa na hakika kwamba ufunguo ulioupokea ni wa ndugu yako kweli, si wa jasusi aliyejiita jina lake. Njia iliyo imara hadi sasa ni wahusika wawili kukutana ana kwa ana, kila mmoja na simu yake, na kulinganisha tarakimu za funguo zao kabla ya kuanza kuandikiana.