Donda la Mguu na Soksi Inayobana

  

Pengine nyumbani kwako yuko nyanya mwenye donda karibu na kifundo cha mguu. Mmepaka dawa, mmenyunyiza unga wa kapsuli, na majirani wanasema amerogwa. Mwaka umepita, donda lipo pale pale. Historia inatufundisha sababu: dawa ya juu haitoshi ikiwa damu imetuama mguuni.

Huko Ugiriki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, tabibu Hippocrates alifundisha kwamba mwenye donda la mguu asisimame sana. Siri ya mishipa ya damu ilikuwa bado haijajulikana. Mwaka wa 1603, Fabricius, mwalimu wa udaktari mjini Padua, Italia, alichapisha michoro ya vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa. Mwanafunzi wake William Harvey, Mwingereza, akaeleza mwaka wa 1628 kwamba vilango hivyo huruhusu damu kurudi moyoni na kuizuia isishuke.

Vilango vikilegea, labda kwa sababu ya mimba nyingi, unene, kusimama kutwa au damu kuganda mshipani, damu hutuama chini. Mguu huvimba, ngozi huwa nyeusi na ngumu, na mkwaruzo mdogo hugeuka donda.

Mwaka wa 1676, Richard Wiseman, mpasuaji wa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, aliandika juu ya kutibu madonda haya kwa soksi iliyokazwa kwa kamba. Kubana kulisukuma damu ipande.

Conrad Jobst, mhandisi wa mji wa Toledo, Marekani, aliugua donda hilo mwenyewe. Aligundua kwamba akisimama ndani ya kidimbwi cha kuogelea, miguu hupata nafuu. Kumbe maji hubana zaidi kadiri unavyokwenda chini! Mnamo 1950 akabuni soksi inayobana sana kifundoni na kulegea polepole kuelekea juu. Soksi za leo hufuata mpango huo.

Lakini mama, usikimbilie kununua. Kwanza mpeleke mgonjwa apimwe kama damu inafika vizuri kwenye unyayo. Ikiwa mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba, kubana kunaweza kuuharibu mguu kabisa. Mwenye kisukari apimwe kwa uangalifu zaidi. Usimfunge kwa mpira wala kitambaa cha nyumbani.

Donda lililo wazi mara nyingi hufungwa bendeji ya kubana na muuguzi aliyefunzwa. Likipona, soksi huvaliwa kila siku ili lisirudi. Mwambie nyanya aivae asubuhi kabla ya kushuka kitandani, na kuivua usiku akilala. Aivute bila mikunjo, wala asiikunje sehemu ya juu. Atembee kila siku, na akipumzika ainue miguu juu ya mto. Soksi iliyolegea haina kazi tena, ibadilishwe.

Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, vikibadilika rangi au maumivu yakizidi, ivuliwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitali.

Donda hili si uchawi, mama. Ni damu inayohitaji kusaidiwa kupanda.