Mwani wa Akina Mama wa Unguja

Ukifika pwani ya mashariki ya Unguja wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, utawaona akina mama wameinama kwenye mashamba yasiyo na udongo. Mambo zimepigwa kwenye mchanga, kamba zimevutwa, na wao wanafunga mwani.

Kilimo hiki cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zenye asili ya Ufilipino. Kabla ya hapo mama wa kijijini alipata senti zake kwa kusuka kamba za makumbi au kuuza pweza na kombe. Wanaume nao walijaribu mwani, wengi wakauacha, kazi ngumu na malipo madogo. Akina mama wakabaki. Chumo la mke katika sheria yetu ni mali yake, mume hana ruhusa ya kuligusa bila ya ridhaa yake. Lakini lilikwenda wapi? Kwenye sare za skuli, madaftari, mabati. Aliyeziita "fedha za sabuni" hakutazama paa lililo juu ya kichwa chake.

Nyumba hizi zinaitegemea bahari kwa mikono miwili: mume anavua, mke analima. Kusi ikivuma kwa nguvu na ngalawa isitoke, mwani ndio unaotia unga chunguni.

Kisha bahari ikapata joto. Mwani uko wa aina mbili: kotonii, mnene na wenye bei nzuri, na spinosamu, mwembamba na wa bei ya chini. Kotonii haustahimili joto. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, maji ya kina kifupi yalipozidi kuchemka, ulianza kupauka, ukalegea, ukakatika na kuchukuliwa na maji. Sehemu nyingi ukaacha kulimwa kabisa. Mama akabaki na spinosamu: mgongo uleule, jua lilelile, fedha pungufu.

Hawakukaa kulia. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima na watafiti, akiwemo Dk. Flower Msuya, na akina mama wakajifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Kipande kimoja cha sabuni hiyo kinaweza kupita bei ya kilo nzima ya mwani mkavu. Naam, fedha za sabuni!

Njia nyingine ni kuupeleka kotonii kwenye kina kirefu, kwenye maji ya baridi kidogo, ndani ya nyavu mfano wa mirija. Huko panataka chombo, na panataka mtu ajuaye kuogelea. Tumewafundisha watoto wetu wa kiume kuogelea tangu wadogo, mabinti tukawaacha ufukweni. Katika miaka ya 2010, kaskazini mwa Unguja, baadhi yao walianza kufundishwa, wakiwa ndani ya mavazi kamili ya stara.