Seli zinazojenga ubongo wa mtoto tumboni

MAMA wa Kizingitini, kisiwani Pate, anapopata uhakika kuwa ni mjamzito, mara nyingi ubongo wa mtoto wake huwa umekwisha kuanza kujengwa. Kufikia takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, mrija wa neva unaozaa ubongo na uti wa mgongo huwa umejifunga.

Ukuta wa ndani wa mrija huo una seli tangulizi, ambazo ndizo chanzo cha seli za neva za ubongo. Hapo mwanzo kila moja hugawanyika ikazaa mbili zinazofanana nayo, na idadi ikaongezeka maradufu. Baadaye mgawanyiko hubadilika: moja husalia kuwa tangulizi, nyingine huwa seli ya neva, ambayo haigawanyiki tena. Nyingi ya seli hizo changa hupanda kwa kufuata uzi mrefu ambao seli tangulizi imeunyosha hadi upande wa nje. Za kwanza hukaa katika tabaka za chini. Zinazofuata huzipita na kutua juu yake.

Gamba la ubongo, linalohusika na lugha na fikra, lina seli za neva zipatazo bilioni 16. Karibu zote huzaliwa kabla ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo seli tangulizi ikifa mapema, hupotea pamoja na uzao wake wote, na pengo hilo halizibiki.

Mfano ni virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka 1947 kwa tumbili katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda. Mwaka 2015 madaktari wa Brazil waliona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi. Majaribio ya maabara ya mwaka 2016 yalionyesha kuwa virusi hivyo huvamia seli tangulizi na kuziua.

Zika huenezwa hasa na mbu aina ya Aedes aegypti, na haina chanjo iliyoidhinishwa. Mbu huyo si mgeni Lamu: ndiye aliyeeneza homa ya chikungunya huko mwaka 2004. Huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Hutaga mayai kwenye kuta za vyombo vya maji. Katika visiwa ambako maji ya mvua huwekwa akiba, kufunika jabia na mitungi, na kusugua mapipa kila wiki, ni kinga ya ubongo wa mtoto ambaye hajazaliwa.