Chembe na Mpini: Zana Ndogo za Mawe Mashariki mwa Kongo

Katika Kiswahili, neno chembe hutaja punje ndogo ya kitu, na hutaja pia kichwa cha mshale. Maana hizo mbili hukutana katika historia ya kale ya mashariki mwa Kongo, ambako wawindaji walitumia vibanzi vya mawe ambavyo vingi havikufikia urefu wa sentimita 3.

Ushahidi mkubwa umepatikana Ituri, kaskazini-mashariki ya Maniema. Mwaka 1973 na 1974 Mbelgiji Francis Van Noten alichimba pango la Matupi, katika Mlima Hoyo. Tabaka za chini zilipopimwa kwa njia ya kaboni zilionekana kuwa na umri unaozidi miaka 40,000, nazo zilikuwa na zana ndogo za kwatsi. Kabla ya hapo, wataalamu wengi walidhani kwamba ufundi huo ulikuwa wa zama za karibu zaidi.

Kwatsi ni jiwe gumu ambalo halipasuki kwa urahisi apendavyo fundi. Kokoto huwekwa juu ya jiwe jingine mfano wa fuawe, kisha hugongwa kwa juu hadi vibanzi viruke. Kibanzi kinachofaa huachiwa ubavu mmoja wenye makali. Wa pili huchongwa uwe butu. Ubavu huo butu ndio unaoingia katika wano la mshale au katika mpini, ukashikwa kwa ulimbo au kufungwa kwa kano.

Wano, ulimbo na kano huoza, jiwe hubaki. Kwa sababu hiyo mfupa wa Ishango una thamani ya pekee. Jean de Heinzelin aliupata mwaka 1950, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Walioandika juu yake wamejadili zaidi mikato yake, kama ni hesabu au sivyo. Lakini nchani mwake kumepachikwa kibanzi cha kwatsi: mfupa huo ni mpini.

Basi mwanafunzi wa Kindu atakayeona kibanzi cha kwatsi ukingoni mwa Lualaba asikidharau kabla ya kuutazama ubavu wake. Wala asiking'oe ardhini, kwani jiwe lililotengwa na tabaka lake haliwezi tena kutaja umri wake.